Sura ya tatu, pale tasnifu nyingi za siasa zinapokwama

MWANAFUNZI wa uzamili katika sayansi ya siasa anaweza kuzungumza saa nzima kuhusu Azimio la Arusha, ugatuzi wa Kenya au kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na ukumbi mzima ukamsikiliza. Muulize kwa nini dodoso lake lilijazwa na watu 400, na si 150 au 1,000, mazungumzo hukatika.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kanuni ndiyo iliyosema hivyo. Watahini wakisogea hatua moja zaidi, wakauliza kanuni hiyo inadai nini kabla ya kutumika, au vinyota vilivyo pembeni mwa jedwali la sura ya nne vina maana gani, hubainika kuwa mwenye tasnifu hakuyafanya mahesabu yale. Aliyeyafanya ni kijana wa kibanda cha kutoa kopi karibu na lango la chuo, ambako kati ya matangazo ya kufunga vitabu na kupiga picha za pasipoti limebandikwa na la kuchambua data kwa malipo.

Biashara hiyo si siri katika miji ya vyuo ya ukanda huu, na si kila mteja wake ni mvivu. Kwa Tanzania, wengi walioingia sayansi ya siasa walipitia michepuo ya HGL au HKL na kuachana na hesabu baada ya kidato cha nne. Wanakutana nazo tena wakiwa watu wazima, wengine wakiwa na kazi na familia, katika kozi fupi ya mbinu za utafiti inayopita kwenye mambo mengi kwa haraka. Baada ya hapo wanatakiwa kuandika sura ya tatu ya tasnifu, ile inayoeleza swali lilivyogeuzwa kuwa kitu cha kupimika, watu au nyaraka zilivyochaguliwa na taarifa zitakavyochambuliwa.

Hasara yake haiishii kwenye cheti cha mtu mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane wanachama, na mijadala yake kuhusu soko la pamoja, sarafu moja na hata shirikisho la kisiasa hujaa madai juu ya kile ambacho wananchi wanakitaka. Madai hayo yanahitaji watu wa kuyapima. Wanaotarajiwa kuifanya kazi hiyo, katika wizara, vyama, asasi za kiraia na vyumba vya habari, ndio haohao wanaohangaika na sura ya tatu.

Kanuni inayokaririwa

Katika tasnifu za Afrika Mashariki kuna majina yanayojirudia. Moja ni la Taro Yamane, ambaye kanuni yake ya ukubwa wa sampuli hunukuliwa kutoka kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967. Jingine ni jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Yote mawili humpa mwanafunzi kitu anachokitamani sana, yaani namba moja ya kuandika.

Kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5, kanuni ya Yamane inatoa sampuli ya watu 286 pale penye watu 1,000. Penye watu 10,000 inatoa 385. Penye watu milioni moja inatoa 400, na hata ukiweka Watanzania wote 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, bado inatoa 400.

Wengi huliona hilo kama mzaha, lakini ndilo somo lenyewe. Mpishi akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi huonja kijiko kimoja, iwe ni sufuria ya nyumbani au ya harusini. Sharti lake ni moja: awe ameukoroga. Katika utafiti, kukoroga huko ni kuchagua watu kwa nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Anayesimama kituo cha mabasi na kugawa dodoso kwa waliokubali kusimama hajakoroga chochote, na kanuni ya Yamane haimhusu hata akipata watu 4,000.

Wamarekani walijifunza hilo kwa aibu mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kwa watu milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni mbili, na likatangaza kuwa Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa karatasi yalitolewa kwenye orodha kama za wenye simu na magari, wakati wa mdororo wa uchumi ambao maskini hawakuwa na vitu hivyo, na walioamua kujibu nao hawakufanana na walionyamaza. Leo mwanafunzi anayesambaza dodoso kwenye makundi ya WhatsApp na kuita matokeo yake maoni ya vijana wa Nairobi au Dar es Salaam anarudia kosa lilelile kwa chombo kipya.

Kwa upande mwingine upo Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ulioanza mwaka 1999, ambao huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa kila nchi. Watu 1,200 hutoa kiwango cha makosa cha takriban asilimia 2.8 juu au chini, na watu 2,400 asilimia 2. Kuongeza sampuli mara mbili kumepunguza kosa kwa chini ya pointi moja. Anayetaka kulipunguza kwa nusu lazima aongeze watu mara nne. Mwanafunzi mwenye fedha za wiki tatu za kazi ya uwandani akilielewa hilo, ataacha kukimbizana na idadi na kutumia nguvu zake kwenye namna ya kuwapata watu hao.

Mfano wa Namanga

Tuseme mwanafunzi wa Arusha anataka kujua kama kituo cha pamoja cha huduma mpakani Namanga, kilichozinduliwa na marais wa Kenya na Tanzania Desemba 2018, kimewafanya wafanyabiashara wadogo kuiamini zaidi Jumuiya. Swali ni zuri na lina faida kwa watunga sera. Katika kituo cha aina hiyo msafiri na mzigo hukamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja, upande wa nchi anayoingia. Zipo pia taratibu rahisi za forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kama vitu hivi havigusi imani ya muuza nyanya, viongozi wanapaswa kujua.

Njia ya haraka ni kukaa kituoni siku kumi na kuwahoji wafanyabiashara 400 wanaopita. Dodoso litajaa, na huenda wengi watasema kituo ni kizuri. Tatizo ni kwamba waliohojiwa ni wale waliokwisha kuamua kupita kituoni. Anayetumia njia za panya, kwa sababu anaogopa ushuru, hana karatasi au alishanyang'anywa mzigo, hayumo. Yeye ndiye mwenye jibu ambalo utafiti ulikuwa unalitafuta.

Kukosa orodha ya wafanyabiashara hakufungi mlango. Mtafiti anaweza kuanzia sokoni, upande wa Longido na upande wa Kajiado, akahesabu meza na vibanda vyote, kisha akachagua kila cha tano au cha kumi. Anaweza kugawa siku ya soko na siku isiyo ya soko, asubuhi na jioni. Anaweza kukaa alfajiri mahali salama na kuhesabu bodaboda zinazokwepa barabara kuu, apate angalau picha ya ukubwa wa kundi asilolifikia. Na sura ya tatu itakiri ni nani amebaki nje. Mtahini mzoefu humwamini zaidi anayetaja mipaka ya sampuli yake kuliko anayedai hana.

Neno moja, jumuiya tatu

Kabla ya hesabu kuna lugha, na hapa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana silaha ambayo mgeni hana. Muulize mama wa sokoni upande wa Tanzania kama ana imani na Jumuiya. Mkatoliki anaweza kufikiria jumuiya ndogondogo inayosali nyumba kwa nyumba. Mwanachama wa chama tawala anaweza kufikiria jumuiya ya wanawake au ya wazazi. Neno imani lenyewe linamvuta kwenye dini. Majibu yote matatu yataingia kwenye safu moja ya kompyuta, na kompyuta haitajua kuwa watu hao hawakujibu swali moja.

Wataalamu huliita tatizo hili uhalali wa kipimo: je, kinachopimwa ndicho kilichokusudiwa? Dawa yake ni kulijaribu dodoso kwa watu wachache, kumwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyolielewa swali, kisha kulirekebisha. Swali la imani linaweza kuvunjwa kuwa maswali ya vitendo: ukidhulumiwa mpakani, utakwenda kulalamika kwa nani? Mwezi uliopita ulipita wapi na mzigo wako?

Hata hivyo swali la mwisho ni la hatari, kwani ni watu wachache watakaomwambia mtu mwenye karatasi na kalamu kuwa wanapitisha mizigo kwa magendo. Madodoso ya Afrobarometer huwa na swali linalouliza mhojiwa anadhani nani amemtuma mhojaji, na wapo wengi wanaojibu kuwa ni serikali. Mtu anayedhani anaongea na serikali huchagua maneno.

Kuna mbinu ya kupunguza hofu hiyo. Wahojiwa hugawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza husomewa mambo matatu ya kawaida, mfano kukopa kwenye kikoba, kuuza kwa mali kauli na kununua bidhaa kwa simu, na kila mtu hutaja tu ni mangapi ameyafanya, bila kusema yapi. Kundi la pili husomewa yaleyale na kuongezewa la nne, la kupita njia ya panya. Kama wastani wa kundi la kwanza ni 1.4 na wa kundi la pili ni 1.7, tofauti ya 0.3 inakadiria kuwa asilimia 30 wamepita huko, na hakuna hata mmoja aliyejitaja. Hesabu iliyotumika ni kutoa. Kinachofanya kazi ni mpangilio.

Vinyota vya jedwali

Sehemu inayotisha kuliko zote ni ya majaribio ya kitakwimu, na hasa thamani inayoandikwa kwa herufi p. Wengi hukariri kwamba ikiwa chini ya 0.05 matokeo ni mazuri. Kizingiti hicho kilienezwa na Mwingereza Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925, kama desturi ya kurahisisha kazi.

Maana yake inaweza kuonyeshwa kwa sarafu. Mtu akirusha sarafu isiyo na hila mara 10, uwezekano wa kupata kichwa mara 9 au zaidi ni 11 kati ya 1,024, yaani karibu asilimia 1. Akiyapata, una sababu ya kuitilia shaka sarafu. Thamani ya p inauliza hilohilo: kama kusingekuwa na tofauti yoyote, bahati tu ingeleta matokeo kama haya, au makubwa zaidi, mara ngapi? Haisemi nadharia tete ya mwanafunzi ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Haisemi pia kuwa tofauti iliyoonekana ni kubwa au ina umuhimu wowote kwa muuza nyanya.

Tuseme mwanafunzi wa Namanga amehoji wanawake 100 na wanaume 100, na asilimia 62 ya wanawake wamesema wanaiamini Jumuiya dhidi ya asilimia 54 ya wanaume. Pointi nane zinavutia kuandikiwa kichwa cha habari. Lakini kwa makundi ya ukubwa huo, tofauti kati yao ina kiwango cha makosa cha takriban pointi 14. Anachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba data yake haitoshi kuonyesha kuwa wanawake na wanaume wanatofautiana.

Mtego mwingine ni wa sababu. Ikionekana kwamba wanaotumia kituo mara nyingi ndio wanaoiamini zaidi Jumuiya, huenda kituo kimeleta imani. Huenda pia wenye imani ndio waliochagua kukitumia. Au vyote vinatokana na kitu cha tatu, kama mtaji: mwenye mtaji mkubwa ana karatasi zote, hapati usumbufu, na ana kila sababu ya kusifu. Regresheni, hesabu inayopima uhusiano wa vitu viwili huku vingine vikizuiwa visichanganye, husaidia pale tu ambapo mwanafunzi alikumbuka kuuliza kuhusu mtaji. Kisichokuwamo kwenye dodoso hakiwezi kuongezwa na kijana wa kibandani.

Mpaka kama maabara

Mifano miwili maarufu ya utafiti mzuri wa siasa ilipatikana kwenye nchi jirani za Afrika, na yote ilichapishwa mwaka 2004. Daniel Posner alichunguza Wachewa na Watumbuka, makabila yanayoishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Mpaka huo ulichorwa na wakoloni bila kujali makabila hayo. Upande wa Malawi makundi haya mawili yalitazamana kama mahasimu wa kisiasa, na upande wa Zambia kama washirika. Utamaduni ni uleule, kwa hiyo hauwezi kueleza tofauti hiyo. Posner alieleza kuwa Malawi ni nchi ndogo ambamo kila kundi ni kubwa kiasi cha kutafutwa na wanasiasa kama mtaji wa kura, wakati ndani ya Zambia yote mawili ni madogo na hujikuta upande mmoja kama watu wa mashariki. Kazi ya uwandani ilifanyika katika vijiji vinne tu vya mpakani.

Edward Miguel alilinganisha wilaya ya Busia nchini Kenya na Meatu nchini Tanzania. Alikuta kwamba Busia, mchanganyiko wa makabila ulikwenda pamoja na uchangiaji hafifu wa shule za msingi. Meatu hakuuona uhusiano huo. Aliihusisha tofauti hiyo na siasa ya ujenzi wa taifa ya Tanzania, ikiwamo nafasi ya Kiswahili. Udhaifu wa ulinganisho wa namna hiyo unajulikana: wilaya mbili zinaweza kutofautiana kwa mambo mengi, na kutenga moja kuwa ndiyo sababu ni kazi ngumu. Ndiyo maana utafiti huo unafaa kufundishiwa, kwa nguvu zake na kwa mapengo yake.

Watafiti wote wawili walitoka katika Chuo Kikuu cha California, Marekani. Mwanafunzi wa Mbarara, Bukoba, Kisumu au Gitega ana mpaka karibu na nyumbani, anazungumza lugha za pande zote mbili na halazimiki kununua tiketi ya ndege. Anachokikosa mara nyingi ni mazoea ya kuuliza swali linalohitaji pande mbili ili lijibike.

Kukimbia namba hakuondoi kazi

Wapo wanaochagua utafiti wa kimaelezo, wakiamini kuwa wamekwepa mtihani. Mara nyingi mada yao inautaka kweli. Kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977 ni tukio moja, na dodoso la watu 400 halitalieleza. Lakini mwanafunzi bado anapaswa kuweka mezani maelezo yanayoshindana: mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971 na kukataa kwa Mwalimu Nyerere kukaa naye meza moja, tofauti za itikadi kati ya Nairobi na Dar es Salaam, au manung'uniko kuwa Kenya ilikuwa inafaidika zaidi.

Kisha anajiuliza: kama maelezo ya kwanza ni kweli, nyaraka zionyeshe nini? Kama huduma za pamoja za reli, bandari na ndege zilikuwa zinagombaniwa kabla ya 1971, Amin hawezi kubeba lawama yote. Anayehoji wazee waliofanya kazi kwenye mashirika hayo anapaswa kueleza aliwapataje, kwa nini hao, na alifanyaje maelezo yao yalipogongana. Kuchagua simulizi zinazokubaliana naye ni kosa lilelile la kuhoji waliopita kituoni peke yao.

Kibali cha kila upande

Mwanafunzi anayevuka mpaka hukutana pia na mihuri. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kenya ina NACOSTI, iliyotokana na sheria ya mwaka 2013, na Uganda ina Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Zanzibar ina utaratibu wake. Barua ya Namanga upande mmoja haifungui mlango upande wa pili, hatua mia chache kutoka hapo. Na ndani ya nchi moja barua hushuka ngazi kwa ngazi, mkoa, wilaya, kata, hadi kwa mtendaji ambaye siku hiyo huenda yuko kikaoni.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza ukanda huu kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, hatua ambayo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala limekuwa likiisimamia. Vibali vya utafiti bado hutolewa na kila nchi. Kwa mwenye miezi michache ya kumaliza, maana yake ni kwamba maombi yaanze kabla sura ya tatu haijakauka wino, la sivyo ulinganisho wa nchi mbili utageuka kuwa wa nchi moja.

Namba zenyewe nazo zina siasa. Julai 2018 taasisi ya Twaweza ilichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa asilimia 55 ya Watanzania waliridhika na utendaji wa Rais John Magufuli, kutoka asilimia 71 mwaka uliotangulia. COSTECH iliiandikia ikihoji kibali cha utafiti huo. Miezi michache baadaye Bunge liliibana zaidi Sheria ya Takwimu ya 2015 kwa wanaochapisha takwimu zinazopingana na za serikali, Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake, na mwaka 2019 vifungu hivyo vikalegezwa. Mwanafunzi aliyefuata taratibu, akaeleza sampuli yake na akahifadhi madodoso yake vizuri ana cha kujitetea nacho, mbele ya mtahini na mbele ya ofisa.

Kazi inayoweza kufanyika leo

SPSS, programu inayotangazwa pale kibandani, ilibuniwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, na mmoja wa waasisi wake, Norman Nie, alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa aliyechoshwa na zana zilizokuwapo za kuchambulia data. Leo inamilikiwa na IBM na leseni yake ni ghali. Lakini R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand katika miaka ya 1990, ni ya bure kabisa. Ipo pia PSPP, inayofanana na SPSS kwa sura na haina malipo.

Data nayo ipo. Afrobarometer huruhusu mtu yeyote kupakua majibu ya wahojiwa wake, majina yakiwa yameondolewa, na tovuti yake ina chombo cha kuchambulia moja kwa moja. Tanzania na Uganda zimo tangu awamu ya kwanza, Kenya tangu ya pili. Mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda Namanga anaweza kulinganisha imani ya wananchi kwa vyombo vya dola katika nchi tatu kwa miaka zaidi ya 20, akiwa maktaba. Anayekwenda Namanga anaweza kuazima maswali yaliyokwisha kujaribiwa, kisha akalinganisha watu wake na picha ya taifa.

Kwa anayeanza, mpangilio wenye nafuu ni huu: swali liandikwe kwa sentensi moja, na chini yake majibu mawili yanayopingana. Pembeni ya kila jibu kiandikwe kile ambacho data itaonyesha likiwa ndilo sahihi. Kisha jedwali la sura ya nne lichorwe likiwa tupu, kabla ya kutoa kopi hata ya dodoso moja. Jedwali tupu likishindwa kutofautisha majibu hayo mawili, hata likijazwa halitayatofautisha, na kulijua hilo mapema kunaokoa nauli.

Mwalimu wa takwimu, au mwanafunzi wa idara hiyo, anaweza kusaidia katika hatua hii kuliko mwishoni. Kulipia msaada wa kompyuta si dhambi ikiwa mwenye kazi anaweza kueleza kila mstari uliofanyika.

Siku ya kutetea tasnifu swali litarudi: kwa nini watu hawa, na kwa nini idadi hii? Mwanafunzi aliyehesabu meza za soko pande zote mbili, aliyelibadilisha neno jumuiya baada ya mama mmoja kumwelewa vingine, na aliyekaa alfajiri akihesabu bodaboda za njia ya panya, atakuwa na la kujibu hata umeme ukikatika ukumbini.